Ongeza na ya Kutolea

Kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu kipo Kirumba, Mwanza, jirani na geti la Mwaloni, soko la samaki na dagaa, katikati ya duka la nyavu na kamba na banda la mama ntilie ambaye sato wake wa kukaanga huwa amekwisha kabla ya saa saba mchana. Nilikifungua mwaka 2013, enzi tukiwa bado na daftari kubwa la miamala. Mteja anaandika jina, namba ya simu na kiasi, kisha anasaini. Asiyejua kuandika alipaka wino wa kalamu kwenye dole gumba akabonyeza. Daftari lile lilikufa, lakini mimi nilikuwa nimeshazoea kuangalia watu kuliko kuangalia simu, na mazoea hayo hayajaniacha.

Uwakala ni kazi ya kukaa. Unakaa nyuma ya dirisha la nondo, na watu wanakuja kuinama pale kwenye tundu wakuambie shida zao. Ukikaa muda mrefu utajua nani anamtumia nani, mara ngapi, na kwa siri gani. Utajua ya mume ambayo mke hayajui, na ya mke ambayo mume akiyajua kutakuwa na kesi. Ndiyo maana hapa sitamtaja mtu kwa jina. Bado nataka kuendelea kula Kirumba.

Kitu cha kwanza kilichonivutia ni sauti. Anayetoa milioni tatu hunong'ona. Anayetoa elfu mbili naye hunong'ona. Anayepaza sauti mpaka wa mwisho kwenye foleni asikie ni yule wa laki na nusu: "Dada, nitolee laki na hamsini hapo, chap!" Mwenye nyingi anaogopa vibaka, mwenye kidogo anaona aibu, na huyu wa katikati ndiyo kwanza anaonja utamu wa kuhesabiwa noti kumi na tano nyekundu mbele za watu. Sijawahi kumlaumu. Nami nilipotoa laki yangu ya kwanza nadhani mtaa mzima ulijua.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni mwezi, huu wa angani.

Mtu ambaye hajakaa ziwani nimweleze kidogo. Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Dagaa wanaufuata mwanga, wanajazana pale, nyavu zinashushwa. Mbalamwezi ikitoka, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina tena cha kuwavutia. Kwa hiyo kila mwezi una vipindi vyake. Giza likiwepo, kambi za visiwani, Ukerewe, Kome, Goziba na kwingineko, zinakesha kazini. Mwezi ukipevuka, kuna siku kama kumi hivi ambazo wavuvi wanashona nyavu, wanacheza karata na wanakopa. Mjini watu wanahesabu tarehe za mshahara, sisi tunaulizana, "Giza linaingia lini?"

Mimi ni Mkatoliki, lakini ukutani mwangu imetundikwa kalenda ya Kiislamu niliyopewa na jirani yangu muuza viungo. Inafuata mwandamo wa mwezi, na hiyo ndiyo inayonionyesha siku ya kuandaa keshi na siku ya kuandaa floti, yaani salio la wakala kwenye simu. Giza likikolea, wanunuzi wa mbali, kuanzia Kongo, Rwanda na Burundi, wanaingiza pesa kwa madalali, na madalali wanataka keshi ya kuwalipa wenye mizigo, tena sasa hivi, gari linapakia. Giza likiisha, vijana wa mitumbwi wanapata mgao wao, wanakuja kutuma makwao, hapo nahitaji floti. Ikifika tarehe kumi na nne ya kalenda ile, ninaweza kushinda kutwa nzima natoa elfu tatu, elfu nne, nyingi zikiwa zimetumwa na ndugu.

Sasa basi. Kuna nahodha mmoja wa mtumbwi wa dagaa ambaye nimemhudumia tangu nina kibanda cha mabati matupu. Kwenye giza ni mtu wa kusema, "Chenji kaa nayo dada, mnunulie mtoto juisi." Anawanunulia chai watu asiowajua. Anaitikia salamu kabla hujaimaliza. Kwenye mbalamwezi, mtu huyo huyo, shati lile lile la jezi ya Simba, anakuja amekunja uso, anazihesabu sarafu mara mbili, anauliza mia mbili yake imeenda wapi. Mama ntilie wa jirani alimpachika jina la ndumilakuwili, na kwa kuwa alikuwa anakula kwake kwa mkopo, alikuwa na haki ya kumpachika.

Mimi nikaanza kuwatazama wengine kwa jicho hilo la mwezi, na nikaona si nahodha peke yake. Ugomvi wa mke na mume unaonifikia dirishani unaongezeka mwezi ukipevuka. Wanaoulizia mikopo ya kausha damu, ile ambayo riba yake inakufuata mpaka chumbani, huja kipindi hicho. Hata utani unapungua. Mbeba mizigo ambaye kwenye giza ukimwita "babu" anacheka, kwenye mbalamwezi ukimwita hivyo anakuuliza amekuzalia baba yako lini.

Mfano ulionikaa zaidi ni wa kijana mmoja wa Sengerema. Alikuwa anavua visiwani, na kila giza likiisha alifika kwangu na mgao wake. Katika kundi lao nilijifunza kuangalia mikono. Mvuvi anayekuja moja kwa moja kutoka mtumbwini, magamba yamemganda kwenye kucha na noti zinanuka dagaa, hutuma nyumbani kiasi cha maana: "Mtumie mama laki na ishirini." Yule anayepita gesti kwanza akaoga, akavaa shati la pasi na kujipulizia, hutuma elfu thelathini na kuahidi kwamba nyingine ataituma kesho. Kesho hiyo sijawahi kuiona. Kijana wangu alikuwa wa hao waliooga, kila mwezi, bila kukosa. Mama yake alikuwa na namba yangu, akafikia hatua ya kunipigia: "Mwanangu, huyo mwenzako ameshafika hapo?" Nami najibu sijamwona, huku harufu ya manukato yake bado ipo dirishani.

Baadaye aliachana na ziwa, akapata pikipiki ya mkataba. Boda ya mkataba unapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na pesa inakuingia buku buku kutwa nzima. Haikupita miezi mingi nikaanza kumwona mtu mwingine. Anaweka elfu tano tano kila jioni. Anauliza makato kabla ya kutuma. Ameingia mchezo wa kupeana pesa kwa zamu na madereva wenzake wa kijiweni, na anamkumbusha kijumbe, mkusanyaji wao, zamu yake ni lini. Ukimcheleweshea chenji ya mia mbili anakusubiri hapo hapo, mguu mmoja chini, mmoja juu ya pikipiki, injini inaunguruma.

Hakuokoka, hakuoa, hakuitwa kwenye kikao cha ukoo. Kilichobadilika ni namna pesa inavyomfikia.

Watu wa maofisini hupenda kusema mvuvi hana akili ya pesa. Nimesikia hata wasomi wakilisema hilo huku wakinisubiri niwatolee. Mvuvi anapata furushi kwa mkupuo mmoja baada ya majuma ya upepo na kukesha, kwenye maji ambayo anawajua kwa majina walioingia wasirudi. Ukimwambia aweke akiba ya mwaka kesho, yeye anajiuliza huo mwaka kesho amehakikishiwa na nani. Na hao wenye mishahara nawaona pia. Mwezi ukifika tarehe kumi wapo hapa wananong'ona elfu mbili mbili. Tofauti yao na mvuvi ni kwamba deni lao lipo benki na linakatwa kimya kimya, la mvuvi lipo kwa mama ntilie na linasemwa kwa sauti.

Kwa hiyo mimi nimekuwa mgumu sana kumwambia mtu "ndiyo tabia yake". Mengi tunayoyaita tabia ni mfuko unaongea. Ila si yote, na yaliyobaki ndiyo matamu kuyaangalia.

Chukua ya kutolea. Kwa aliye nje ya Tanzania: anayepokea pesa kwenye simu akienda kuitoa kwa wakala anakatwa ada, kwa hiyo ukimtumia mtu elfu ishirini kamili, mkononi hatashika elfu ishirini. Mwenye kumfikiria mwenzake humwambia wakala, "Ongeza na ya kutolea." Kiasi chenyewe ni kidogo, hakimnyimi mtu usingizi, na hapo ndipo kinaposema ukweli. Pesa kubwa mtu huituma kwa kubanwa: ada ya shule, hospitali, mahari. Hii ya kutolea hakuna anayekubana nayo. Ukiitoa, umeitoa mwenyewe.

Wanaume mnisamehe kidogo hapa. Mwanaume akimtumia mwanamke anayemfukuzia huongeza ya kutolea bila kuulizwa, na akiwa kwenye giza huongeza na ya soda. Akimtumia mke aliye kijijini, huongeza nikimkumbusha. Akimtumia mama yake mzazi, mara nyingi sana haongezi. Na hawa si watu wabaya. Wengine wamewajengea mama zao nyumba, wamewanunulia ng'ombe. Siku moja nikamuuliza mteja wangu mmoja, mtu wa makamo, mpole, anauza kayabo, samaki wakavu wa chumvi:

"Kaka, na ya kutolea ya mama?"

Akacheka. "Aah, mama hana neno."

Nikabaki na jibu lile wiki nzima. Mama hana neno. Yule wa pembeni akipokea pungufu atapiga simu dakika hiyo hiyo, tena kwa sauti ya kununa. Mama anapokea pungufu, anashukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana, mwanangu, Mungu akubariki," kisha anaenda nazo pungufu hivyo hivyo dukani. Asiye na neno ndiye anayekatwa, na anakatwa na wanaompenda.

Basi nimejitungia njia yangu. Mtu akitaja mama, mimi napandisha sauti kidogo: "Na ya kutolea ya mama, kaka?" Foleni inasikia, shingo zinageuka. Wanaongeza karibu wote, na wengine wanaongeza zaidi ya inayotakiwa, wanasema mama akanunue sukari. Mtu akijua anaangaliwa anakuwa mwema kidogo. Sijali sababu, pesa inamfikia mama.

Kuna siku moja ambayo sikuhitaji kupandisha sauti. Alhamisi ya Septemba 20, 2018, alasiri, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, na kivuko kilibeba watu na mizigo kupita uwezo wake. Waliokufa walizidi 220. Mwaloni kumejaa Wakara na Wakerewe, hakuna kibanda ambacho hakikuguswa.

Ijumaa asubuhi nilikuta foleni imeshanitangulia. Ukiangalia kalenda yangu, mwezi ulikuwa siku chache tu kupevuka, maana yake dagaa hakuna na mifuko mitupu. Kwa hesabu zangu za mwezi, watu wale walipaswa kuwa wabanifu na wakali. Walikuwa kimya. Anayefika dirishani anasema namba, na ya kutolea anaitaja kabla hata ya kiasi. Elfu tano na ya kutolea. Elfu tatu na ya kutolea. Mama mmoja aliweka elfu mbili akaomba niitume Ukara kwa shemeji yake, nikamwambia makato yatakuwa makubwa kulinganisha na pesa yenyewe, akasema ajue tu kwamba tumemkumbuka.

Nahodha wangu naye alifika. Mbalamwezi, jezi ile ile. Akatuma elfu ishirini kwa mke wa mtu aliyewahi kuvua naye, akauliza ya kutolea ni kiasi gani, akailipa. Nilijua hana. Nilipomuuliza mama ntilie jioni, akasema ni yeye aliyemkopesha. "Ningefanyaje?" akaniambia. "Alikuja ameshavua kofia." Ni yule yule mama ntilie wa ndumilakuwili.

Nisiwapambe sana. Baada ya mazishi na shughuli kupita, vilinifikia dirishani visa vya ndugu wanaodaiana rambirambi, nani alipokea kiasi gani na kwa niaba ya nani. Dada na kaka wa tumbo moja walikuja kuniomba niwaoneshe rekodi ya nilichomtumia mmoja wao. Sikuwaonesha. Wakaondoka wakipitia njia tofauti.

Hasira nayo ina mambo yake. Julai 15, 2021 tozo ya serikali kwenye miamala ilipoanza, makato yalipanda usiku mmoja. Watu hawakumgombeza aliyepanga, walinigombeza mimi. Kuna mzee aliniita mnyonyaji, na alinifundisha katekisimu utotoni. Sikuchukia sana, kwa sababu niligundua hata mimi siku ile nilimfokea kijana aliyeniletea floti. Kila mmoja anatafuta uso ulio karibu. Wengi wakarudi kwenye bahasha, unampa konda wa basi, unamwandikia jina la mpokeaji kwa kalamu, naye anakata chake. Septemba mwaka huo huo tozo ilipopunguzwa, nilijiandaa kupokea pongezi. Hakuja hata mmoja.

Kisha kuna meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kila Mtanzania ameipata na kila Mtanzania anaicheka. Vijana wa hapa nje wanasema anayetapeliwa kwa meseji ile ni mshamba. Mimi niliyekaa dirishani nawaona wanaotapeliwa, na si washamba hata kidogo.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa dagaa, mama wa Kisukuma, ambaye akishika dagaa kiganjani anakuambia walianikwa kwenye mchanga au kwenye chanja, na kama walinyeshewa. Humuuzii dagaa wa chakula cha kuku ukamwambia ni wa kula watu. Huyo ndiye aliyekuja mbio asubuhi moja na simu mkononi.

"Nitumie laki mbili na themanini namba hii hapa."

Jina likatokea la mwanaume. "Mayu, unayemlipa si mama mwenzako? Hili jina la mwanaume."

"Atakuwa mume wake. Tuma."

"Mpigie kwanza."

"Nikimpigia ataona natafuta sababu ya kutolipa."

Nilikataa kutuma mpaka apige. Akakasirika, akaenda kwa wakala wa kibanda cha tatu, akatuma. Mchana alirudi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya kibanda changu, hasemi kitu. Anayemdai hakuwa ametuma meseji yoyote.

Nimelifikiria sana hilo. Meseji ile haimnasi mjinga. Inamnasa mwenye deni ambaye deni linamwuma. Inafika siku ambayo tayari amejilaumu kwa kuchelewa, na aibu ya kuonekana msumbufu inamzidi nguvu hofu ya kutapeliwa. Wadaiwa sugu nao wanaipata. Sijaona hata mmoja akiituma. Wameshazoea kuombwa, wanaifuta kama walivyozifuta zote zilizotangulia.

Wazee wana yao. Mzee anakupa simu na namba ya siri kwa pamoja, tena anaitamka taratibu ili usikosee, na foleni nzima inasikiliza. Tunafundishwa tuwakataze. Nikageuza uso pembeni nikamwambia bibi mmoja wa Igombe, "Bibi, hiyo usiniambie, bonyeza mwenyewe. Na uibadilishe, wameshaisikia wote."

"Nikibadilisha, siku nikisahau nani atanikumbusha?"

Sikuwa na jibu. Bibi yule aliona hatari mbili, ya kuibiwa na watu na ya kuachwa na kumbukumbu yake, akachagua ile ambayo inahusisha watu. Ameshinda, mpaka leo hajaibiwa. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, mwaka 2019 kuingia 2020, alama zake zilikataa kusoma, kama zilivyokataa za wavuvi wengi waliovuta kamba maisha yao yote. Walisimama mara ya pili na ya tatu, wanapangusa vidole kwenye suruali, wanacheka kwa aibu. Bibi hakucheka. Alimwambia yule kijana wa mashine, "Nyingine zimeisha kwa kulea wenzako, tafuta kidole kingine," na kweli kikapatikana.

Siku hizi dirisha limepungua shughuli. Watu wanalipa kwa lipa namba, wanatumiana wenyewe wakiwa kwenye daladala, na vijana wengi sijui hata sauti zao. Ninaowaona zaidi ni wazee, wavuvi, na wenye matatizo. Ni wa kutosha.

Na yupo mmoja anayezivuruga hesabu zangu zote za giza na mbalamwezi. Ni mama anayeanikia watu dagaa kwa ujira, hana mzigo wake mwenyewe. Mbalamwezi moja, ndani hana hata unga, simu yake iliingia elfu themanini za mtu asiyemjua. Alinijia anahema: "Zirudishe haraka, mwenyewe anapiga." Zikarudi, na makato ya kurudishia nikamkopesha mimi. Watu kwenye foleni walimwita mjinga. Mmoja wao akampa mia tano.

Miezi kadhaa baadaye, katikati ya giza, kazi imejaa, pesa anayo, ikaingia kimakosa elfu kumi na tano. Akazima simu. Alipokuja kuitoa siku ya pili nilishindwa kunyamaza.

"Mama, ile kubwa ulirudisha na njaa yako. Hii ndogo umekula una pesa?"

"Yule wa kwanza alisema shikamoo mama, nimekosea namba, nina mgonjwa Bugando. Huyu ananipigia ananiita mwizi kabla hata sijaiona hiyo meseji yake. Sasa mwizi si anaiba?"

"Lakini pesa si ni yake?"

"Ni yake. Angesalimia."

Nikamtolea. Akahesabu, akahesabu tena, akauliza mbona haijatimia elfu kumi na tano. Nikamwambia ni makato. Akageuka kuiangalia foleni, akasema kwa sauti kwamba watu wa siku hizi hawana utu kabisa, mtu anakosea namba na hata ya kutolea haongezi.